Nawezaje kufundisha utangazaji wa moja kwa moja wakati chuo hakina mtambo wa kurushia matangazo?

Swali: Nafundisha stashahada ya uandishi wa habari katika chuo cha kati huku mkoani. Tuna chumba kimoja tunachokiita studio: mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) ya chaneli nane, maiki nne, kompyuta mbili na spika. Masafa hatuna. Darasa lina wanafunzi 60. Kila wanaporudi kutoka mafunzo kwa vitendo, vituo vinaniambia kitu kilekile: wanajua nadharia, lakini wakiwekwa hewani wanaganda. Mkuu wa chuo anasema tusubiri hadi tupate mtambo wetu. Pia anahofia kwamba mwanafunzi akiachiwa maiki atasema jambo la kukiletea chuo matatizo. Nianzie wapi, na nitawapimaje?

Jibu:

Mwalimu, anza muhula huu na vifaa hivyohivyo. Wanafunzi wako wanaganda kwa sababu hawajawahi kufanya kazi ambayo saa yake haiwasubiri. Chuoni kazi ya redio hurekodiwa. Mtu akikosea anarudia, akichelewa anaomba aongezewe hadi Jumatatu, na mwisho wa muhula analeta faili la dakika tano lililohaririwa usiku kucha. Faili linapewa alama nzuri. Kisha anafika kituoni, anaambiwa "unaingia baada ya wimbo huu", na hakuna chochote katika miaka yake miwili ya masomo kilichomwandaa kwa sekunde zile.

Mtambo hautatibu hilo. Nimeona vyuo vyenye studio za kupendeza, zenye vioo na taa nyekundu mlangoni, ambavyo wanafunzi wake wanaganda vilevile, kwa kuwa studio inafunguliwa kwa ajili ya kurekodi tu na funguo anazo mtu mmoja. Kitu cha kwanza unachokihitaji ni saa isiyosogezwa.

Chagua siku na muda. Mimi ningechukua Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 7:00 mchana, kipindi cha habari cha dakika 15. Ikifika saa saba kamili kiashirio kinapigwa na kipindi kinaruka, hata kama habari ya kwanza haijakamilika, hata kama mtangazaji mmoja bado yuko kwenye daladala. Usikiahirishe hata mara moja. Siku utakayowaongezea dakika tano kwa huruma, umewarudisha kwenye zoezi la darasani, na wiki inayofuata watakuomba kumi.

Kitu cha pili ni msikilizaji. Vuta waya kutoka kwenye mikisa hadi spika za bwalo la chakula. Sauti inayopita kwenye waya ndani ya eneo la chuo haitumii masafa, na hapo una wasikilizaji mia kadhaa wanaomjua msomaji kwa jina, wanaojua kwamba bweni la wanawake lilikosa maji jana na wanasubiri kuona kama habari hiyo itasomwa. Wasikilizaji hao ni wagumu kuliko wa mkoa mzima. Mwanafunzi akikosea jina la waziri wa serikali ya wanafunzi, atasahihishwa kabla hajamaliza kushuka ngazi.

Usishawishike kuwasha kimtambo kidogo cha FM kwa kisingizio kwamba kinafika mita mia mbili tu. Kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, kurusha matangazo kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na tangu kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka mwaka 2018, kisha zikaandikwa upya mwaka 2020, hata redio na televisheni za mtandaoni zinaangaliwa. Kabla hujafungua mkondo wowote wa mtandaoni kwa umma, nenda ofisi ya kanda ya TCRA na barua ya chuo, ueleze ni mafunzo, usikilize watakachokwambia. Wakati huo bwalo linaendelea.

Siku ruhusa ikija, anza na sauti peke yake. Hesabu ni nyepesi: mkondo wa sauti wa kilobiti 64 kwa sekunde unakula takriban megabaiti 29 kwa saa nzima. Video ya megabiti 2.5 kwa sekunde inakula zaidi ya gigabaiti 1.1 kwa saa hiyohiyo. Kwa bando la chuo cha mkoani, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kipindi kitaruka wiki zote za muhula au kitaruka siku ya mgeni rasmi tu.

Unaweza pia kuomba nafasi kwenye redio ya jamii iliyo jirani. Nchi hii ina redio nyingi za aina hiyo, kuanzia Pangani FM hadi FADECO kule Karagwe, na aghalabu zina watu wachache kuliko kazi. Nusu saa ya Jumamosi mchana ni kitu wanachoweza kukipenda. Lakini usiwapelekee wanafunzi kabla hawajapita bwaloni kwa muhula mzima. Msikilizaji wa redio ya jamii hajajitolea kuwa kifaa cha mazoezi.

Wazo lenyewe halina ugeni. Shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, ilifunguliwa mwaka 1908, na siku ya kwanza ya masomo wanafunzi walitoa gazeti. Tangu mwaka 1953 chuo hicho kina kituo cha televisheni cha KOMU, ambacho ni kituo kamili cha kibiashara na wanafunzi wanafanya kazi kwenye chumba chake cha habari. Kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Mlimani TV na redio yake, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) pale Mwanza wana Radio SAUT. Wenzetu Kenya walianzisha chuo cha mawasiliano ya umma cha KIMC mwaka 1961 kwa ajili ya kuwaandaa watu wa utangazaji. Vyuo hivyo vimezidiana sana kwa fedha, lakini vyote vimekubali kwamba ufundi huu unajifunzwa mbele ya watu wanaosikiliza.

Sasa wanafunzi 60 na maiki nne. Gawa makundi sita ya watu kumi. Kila zamu ina mhariri mmoja, mtayarishaji mmoja, mtunza saa mmoja, fundi mitambo mmoja, watangazaji wawili, waandishi watatu walio nje na mpokea simu mmoja. Hao ni kumi, na kila mmoja ana kazi ambayo asipoifanya kipindi kinaonekana kimepungua. Kwa vipindi vitatu kwa wiki, kila kundi linaingia hewani mara moja kila wiki mbili. Muhula wa wiki 14 unampa kila mwanafunzi zamu saba, na nafasi anazokaa zibadilike kila zamu. Hata kama hatapita zote, atakuwa ameonja nyingi.

Utakutana na upinzani mmoja: wote watataka maiki. Wamekuja chuoni kwa sababu ya sauti walizozisikia utotoni, na hakuna aliyekua akiota kuwa mtunza saa. Hapa usilegeze. Ninavyoamini mimi, kiti kinachomfundisha mwanafunzi utangazaji wa moja kwa moja kuliko kingine chochote ni kiti cha mtayarishaji, kwa sababu ndiye anayelazimika kuamua huku sekunde zinapita. Mtangazaji anaona karatasi iliyo mbele yake. Mtayarishaji anamwona mgeni aliyechelewa, simu ya mwandishi inayokatakata, habari mpya iliyoingia dakika ya tisa, na saa. Aliyekaa kiti hicho mara mbili, akirudi kwenye maiki anakuwa mtu mwingine: anajua kwa nini anaambiwa "funga" na anafunga bila kukasirika.

Kwa hiyo wafundishe kuhesabu muda kinyumenyume. Ningependa ukae hapa muda mrefu, maana vyuo vingi vinapapita haraka.

Chukua kipindi chetu cha dakika 15. Salamu na vichwa vya habari, sekunde 40. Habari kuu yenye klipu, dakika moja na nusu. Mwandishi aliye nje, dakika mbili. Habari fupi tatu, sekunde 30 kila moja. Mahojiano studio, dakika tano. Michezo, dakika mbili. Hali ya hewa, sekunde 30. Kurudia vichwa na kuaga, sekunde 50. Jumla ni dakika 14 kamili, na dakika moja imebaki mfukoni. Wanafunzi wakiulizwa kama wamepanga, watakuonyesha hesabu hii na kudhani imeisha.

Waambie sasa waanzie mwisho. Kipindi kinaisha saa 7:15 kamili. Kuaga kunachukua sekunde 50, kwa hiyo lazima kuanze saa 7:14 na sekunde 10. Hali ya hewa ianze saa 7:13 na sekunde 40. Michezo ianze saa 7:11 na sekunde 40. Hapo ndipo ukweli unapojitokeza: mahojiano lazima yafungwe saa 7:11 na sekunde 40, awe mgeni ni mkuu wa wilaya au ni mpishi wa bwalo. Kila kitu kilichorefuka mwanzoni kinakatwa kutoka kwenye mahojiano au kwenye ile dakika ya akiba. Mtayarishaji anayezijua nyakati zake za mwisho hahitaji kupiga kelele. Anamwambia mtangazaji masikioni "dakika mbili", kisha "moja", kisha "swali la mwisho", kisha "mshukuru".

Ili hesabu hiyo iwezekane, kila mwanafunzi ajue kasi yake. Asome kwa sauti ya hewani kwa dakika moja, ahesabu maneno, arudie mara tatu achukue wastani. Anayesoma maneno 110 kwa dakika anajua kwamba habari yake ya sekunde 30 haiwezi kuzidi maneno 55. Namba hiyo aiandike kwenye jalada la daftari, na aipime tena katikati ya muhula, kwa kuwa itabadilika woga ukipungua.

Tundika saa kubwa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, ionekane kutoka viti vyote. Na kwenye mpangilio wa kipindi andikeni saa za Kiswahili tangu mwanzo. Kompyuta itaonyesha 13:11, na mwanafunzi mwenye hofu atamwambia msikilizaji ni saa kumi na tatu na dakika kumi na moja. Nimelisikia hili kwenye vituo vikubwa.

Kuhusu vifaa sina mengi. Maiki za kondensa zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikisa, na kibonyezo chake kikiwa kimezimwa zinakaa kimya kabisa. Maiki za dinamiki hazihitaji. Fundi wa zamu ajue ipi ni ipi kabla ya saa sita na nusu. Vilele vya sauti viishie karibu na desibeli -6 kwenye kipimo cha kompyuta, visiguse sifuri. Maiki ya mtu asiyeongea ifungwe.

Jambo moja la kiufundi linastahili aya yake. Mwandishi aliye nje anapounganishwa kwa simu, msimrudishie sauti yake mwenyewe. Akijisikia anarudi masikioni kwa kuchelewa nusu sekunde, ulimi unakwama, na mtasema ameganda kumbe mmemgandisha. Mikisa ya chaneli nane kwa kawaida ina njia ya pembeni ya kutoa sauti. Pelekeni huko kila kitu isipokuwa chaneli ya mwandishi mwenyewe, na sauti hiyo ndiyo irudi kwenye simu yake. Simu ya pili, kwenye sikio la mtangazaji, inatosha kuwa njia ya mtayarishaji kuzungumza naye.

Mwandishi wa nje ndiye ninayempenda zaidi katika mafunzo haya. Mtume stendi, sokoni, kituo cha afya, kwenye kisima kinachochimbwa. Asisome karatasi. Ajue sentensi yake ya kwanza na ya mwisho kwa moyo, na katikati awe na mambo matatu. Mfundishe kutenganisha hewani vitu vitatu ambavyo watu wengi wanavichanganya: nilichokiona, nilichoambiwa na aliyeona, na kinachosemwa. "Naona mabasi mawili yameegeshwa pembeni na polisi wanne wamesimama mlangoni. Dereva mmoja ameniambia wamezuiwa tangu alfajiri. Sababu bado sijaipata kwa wahusika." Sentensi hizo tatu zinamlinda mwandishi, chuo na dereva. Akishazizoea wakati habari ni ya mabasi, zitamjia zenyewe siku habari itakapokuwa ya vifo.

Mpira nao usiusahau. Chuo chako lazima kina timu, na mechi ya vyuo Jumamosi ni dakika 90 za mafunzo ya bure. Wanafunzi wako wamezoea kutazama Simba na Yanga kwenye runinga, kwa hiyo watatangaza kana kwamba msikilizaji anaona: "Anapiga pale, aah, jamani!" Anapiga nani, pale wapi? Kizazi kilichofuata mpira kwa sauti ya Leonard Mambo Mbotela wa Sauti ya Kenya, au kwa watangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam, kiliujua uwanja bila kuuona, kwa kuwa mtangazaji hakuacha kutaja mpira uko wapi, uko kwa nani, matokeo na dakika. Mwanafunzi akitangaza dakika 15, mpishi aliye jikoni bwaloni aulizwe matokeo. Akiyajua, mwanafunzi amefaulu.

Baada ya mzunguko wa pili wa makundi, anza kuwawekea mikasa bila kuwaambia. Mgeni wa mahojiano umwombe aje akiwa amechelewa. Mwandishi wa nje umwagize akate simu katikati ya sentensi. Mpe mhariri karatasi yenye habari mpya dakika ya nane. Zima swichi ya kompyuta ya klipu (umeme wenyewe utakusaidia siku nyingine bila kuombwa). Mkasa mmoja kwa kipindi unatosha, na usiuchague kwa lengo la kumwaibisha mtu fulani.

Wanachopaswa kujifunza hapo ni kifupi. Simu ikikatika, mtangazaji anasema "tumepoteza mawasiliano na mwandishi wetu wa stendi, tutamrudia", anaendelea na habari inayofuata ambayo tayari iko mkononi. Hataji changamoto za kimitambo mara tatu, hamwiti mwandishi kwa jina mara tano kama anayemtafuta gizani. Akitaja takwimu vibaya, anarekebisha papo hapo kwa sauti ileile: "Narudia, waliojeruhiwa ni saba, si sabini." Msikilizaji anasamehe kosa lililosahihishwa haraka. Anachokumbuka ni kucheka kwa mtangazaji, au ukimya uliofuata, au mnong'ono uliosikika maiki ikiwa wazi.

Lugha pia inafundishika humu. Mtu asiye na la kusema hujaza kwa "kiukweli", "kimsingi", "yaani" na "kwa hivyo basi". Mpe mtunza saa kazi ya ziada ya kuyahesabu. Usiwakaripie, wasomee idadi tu baada ya kipindi, na kufikia zamu ya nne yatakuwa yamepungua yenyewe. Kuhusu lafudhi nina msimamo: mwanafunzi asichekwe kwa kutoka Usukumani au Uhayani. Rekebisha matamshi pale yanapogeuza maana, kwani anayesema wananchi wamejitokeza "kupiga kula" ameharibu habari ya uchaguzi. Zaidi ya hapo mwache aongee kama alivyo. Tumepoteza waandishi wazuri sana kwa kuwaambia sauti zao si za redioni.

Nirudi kwa mkuu wa chuo, maana hofu yake ina msingi. Maiki iliyo wazi inaweza kuumiza watu. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, vipindi vya kupiga simu kwenye baadhi ya redio vililaumiwa kwa kubeba uchochezi, na tarehe 30 Desemba serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Mtangazaji mmoja wa redio, Joshua arap Sang, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu huko The Hague. Kesi yake ilifutwa Aprili 2016, lakini miaka yote hiyo ilitosha kuonyesha uzito wa kiti kile. Wanafunzi wasimuliwe hayo, na pia wasimuliwe upande wa pili: Januari 2018 serikali ya Kenya ilizima vituo vikubwa vya televisheni vilivyokuwa vikirusha kuapishwa kwa Raila Odinga pale Uhuru Park, na hapa kwetu Januari 2016 shirika la utangazaji la taifa, TBC, liliacha kurusha vikao vya Bunge moja kwa moja, tukabaki na vipande vilivyohaririwa. Matangazo ya moja kwa moja yanaogopwa kwa sababu mwananchi anasikia kabla hajachaguliwa cha kusikia. Mwanafunzi anayeyajua yote mawili ataishika maiki kwa heshima inayostahili.

Kwa hofu ya mkuu kuna dawa za kiutendaji. Simu za wasikilizaji zisiingie moja kwa moja. Mpokea simu anachukua jina, mahali na hoja, anakata, mtayarishaji anaamua, kisha anapigiwa. Mkishafika redioni, vituo vyenye uwezo huchelewesha sauti kwa sekunde chache, saba ndiyo iliyozoeleka, ili mtu awahi kukata. Lakini kumbuka kwamba mkondo wa mtandaoni unachelewa wenyewe na ucheleweshaji huo haukulindi, kwani hakuna kitufe cha kukata kilichounganishwa nao. Wekeni pia orodha ya mambo ambayo hayafunguliwi simu: kesi iliyo mahakamani, ubakaji, jambo lolote linaloweza kumtambulisha mtoto, na jina la marehemu kabla ndugu zake hawajaarifiwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iwe imesomwa, si kutajwa tu.

Kisha omba kitu kimoja kwa mkuu, na umwombe kwa maandishi kabla ya kipindi cha kwanza: ukurasa mmoja wa makubaliano kwamba mwalimu wa zamu ana mamlaka ya kukata matangazo pale mtu anapoweza kuumizwa au sheria kuvunjwa, na kwamba hayakatwi kwa sababu chuo kimeona haya. Habari ya maji bwenini isomwe, na mshauri wa wanafunzi apewe nafasi ya kujibu katika kipindi hichohicho. Najua ukurasa huo utakuwa mgumu kuusaini. Lakini chuo kinachomfundisha mwanafunzi kunyamaza kuhusu bweni lake kimeshamfundisha atakavyonyamaza kuhusu halmashauri, na hilo haliponywi na somo la maadili la mwaka wa pili.

Kipindi kikiisha, msitawanyike. Rekodi kila kitu, na siku hiyohiyo kaeni dakika 40 mkisikiliza. Kundi linalofuata kwa zamu liwe lilikaa bwaloni na karatasi, likiandika muda na lilichosikia: "7:04, maiki ya pili wazi, kikohozi." Mwenye tukio ndiye anayezungumza kwanza, aeleze alikuwa anaona nini na aliamua nini. Wengine wanafuata. Wewe uwe wa mwisho, na ujizuie usihubiri. Ukiona kundi linasingizia fundi kila wiki, mweke msemaji mkuu kwenye kiti cha fundi zamu ijayo.

Sasa alama. Zamu mbili za kwanza usizipime, wapate mahali pa kuogopa bila kulipa. Tano zinazobaki zipime kwa sehemu mbili: alama 40 kwa kipindi kizima, ambazo kila mtu wa kundi anazipata sawa, na 60 kwa kiti alichokaa mtu. Mtayarishaji anapimwa kwa kumaliza ndani ya sekunde tano za muda na kwa sababu za maamuzi yake. Mtangazaji anapimwa kwa usahihi, kwa namna alivyosahihisha kosa na kwa kumsikiliza mgeni: je, swali la tatu lilitokana na jibu la pili, au alikuwa anasoma orodha? Mwandishi anapimwa kwa kuwahi kwenye simu na kwa kutaja vyanzo. Fundi kwa viwango vya sauti na maiki zilizofungwa. Uzuri wa sauti usiupe alama hata moja.

Mtihani wa mwisho uwe zamu ya kushtukiza. Saa 5:00 asubuhi kundi linapewa karatasi tupu, simu mbili na gari au nauli ya bodaboda. Saa 7:00 linaruka. Mwalike mtayarishaji kutoka redio ya jirani, akae bwaloni na sahani yake kama msikilizaji yeyote, aandike alichokielewa na alichokikosa. Mpangilio wa kipindi mpe baada ya kusikiliza, asiuone kabla.